Daktari Hakuutaja Mguu

Mume wangu alikuwa akikoroma mpaka paka akahamia kwa jirani. Watu wakisikia hivyo hucheka, na miaka ya mwanzo mimi mwenyewe nilikuwa nikicheka. Kukoroma hakujaniogopesha hata siku moja. Kilichoniogopesha ni kunyamaza. Atakoroma, atakoroma, mpaka bati litetemeke, halafu ghafla kimya. Mdomo wazi, kifua kimesimama, na mimi kando yake nimebana pumzi yangu. Nilikuwa nampiga kiwiko cha mbavu. Anashtuka, anavuta hewa kama mtu aliyeopolewa kisimani, anageuka upande, anaanza upya. Akiamka hakumbuki lolote, ananiuliza mbona macho yangu mekundu.

Angekuwa mkulima tu, labda ningevumilia na viwiko vyangu. Lakini alikuwa dereva wa lori.

Tuliishi Lukozi, nyumba yetu na ya mama yake zikitazamana uani, naye akiendesha Fuso ya tajiri mmoja wa mboga. Zilikuwa zile enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa watu binafsi. Nilipokuwa msichana kabichi zetu zilingoja gari la ushirika mpaka zikaoza kando ya barabara. Ruksa ilipokuja, kila mwenye uwezo akaleta lori lake, na malori yakaanza kukimbizana. Aliyewahi kufika Kariakoo alfajiri aliuza, aliyechelewa alibembeleza. Kwa hiyo gari lilipakiwa mchana, likashuka alasiri kupitia Malindi na Lushoto, likazifuata kona za Soni mpaka Mombo, halafu lami hadi Dar es Salaam. Akirudi huku juu ndipo analala, mchana kweupe, jua likipenya kwenye nyufa za dirisha na watoto wakikatazwa kucheza uani. Usiku alikuwa barabarani, nikamwachia Mungu. Mchana alikuwa mbele ya macho yangu, na mchana ndio niliouogopa.

Halafu siku moja, nikifua, nikakuta pilipili kichaa kwenye mfuko wa shati lake. Si moja wala mbili, mfuko mzima, nyingine zimesagika. Nikamuuliza tangu lini amekuwa mpishi.

"Hiyo dawa ya macho," akasema. "Nikisikia kope nzito natafuna moja. Naamka mpaka visigino."

Akacheka, akaenda zake kutazama matairi. Mimi nilibaki na lile shati ndani ya beseni, viganja vikiniwasha, nikiziona kona za Soni. Upande mmoja mwamba, upande wa pili hakuna kitu, kuna hewa tu na vichwa vya miti. Na mume wangu katikati yake, nyuma amebeba kabichi, mdomoni ana pilipili. Kuanzia siku ile usiku nao ukanitoka mikononi mwa Mungu, nikaanza kuulinda mwenyewe kwa kukaa macho, ingawa hakukumsaidia mtu yeyote.

Nilimwomba aende hospitali. "Nikawaambie naumwa nini? Naumwa usingizi?" Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akanijibu kwamba mwanamume anayefanya kazi hulala, kama nilitaka bundi ningeolewa na bundi. Alikuwa na majibu ya namna hiyo kwa kila jambo. Mimi nina hasira za karibu, yeye ana mzaha wa karibu, na kati ya hivyo viwili hakuna lililokuwa likiamuliwa nyumbani kwetu.

Kilichotupeleka hospitali ni presha ya mama mkwe. Kila mwezi alikuwa akishuka Lushoto kupimwa, na safari ile mume wangu hakuwa na mzigo, akatusindikiza. Tukakaa kwenye benchi la kungojea, yeye akaegemea ukuta, na kabla mama yake hajaitwa akawa ameshalala. Akakoroma. Watu wakaanza kuchekeana, mama mmoja akasema huyu lori lake ameliacha nje injini ameingia nayo. Nikafunika uso kwa kanga kwa aibu. Kisha akanyamaza, na watu wakaendelea na mazungumzo yao.

Daktari mmoja alikuwa anapita na faili kwapani. Alikuwa ameshapita, akarudi. Akasimama mbele ya mume wangu, akatazama kifua chake, kisha akatazama saa yake ya mkononi. Nami nikamtazama yeye anavyotazama saa, nikaishusha kanga usoni, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu mwingine alikuwa akisikia kimya kile ninachokisikia mimi. Mume wangu akavuta hewa kwa kishindo, akafumbua macho, akamkuta daktari amemsimamia. "Shikamoo," akasema, ingawa daktari alikuwa mdogo kwake kwa umri.

Alikuwa kijana wa huku huku, kwao Gare. Alikuwa amesoma ng'ambo, akarudi na kidude cha kupimia pumzi ya mtu aliyelala, na alikuwa akikijaribu ili ajue kama kitafaa vijijini kwetu, ambako hakuna wodi ya kumlaza mtu kwa ajili ya kumtazama tu anavyolala. Akatuingiza chumbani kwake, akakitoa. Kilikuwa kitu kama saa kubwa ya kufungwa mkononi, na waya umetoka hapo ukaenda kwenye kofia ndogo ya kuvika kidoleni, na mwingine kwenye mkanda wa kifuani. Ndani ya ile kofia mlikuwa na taa nyekundu.

"Haichomi, haikati, haitoi damu," akasema. "Unavaa, unalala, unanirudishia."

Mama mkwe akasogeza kiti chake nyuma. Alikuwa ameshaiona ile taa. "Kama haitoi damu, mbona inawaka nyekundu?"

Sisi tumekua tukitishwa na mumiani, watu wanaonyonya damu za wenzao na kwenda kuziuza, na hakuna msomi atakayeutoa uoga ule kwa siku moja. Yule kijana hakucheka. Akajivika ile kofia kidoleni mwake, akakaa nayo. Kisha akamwomba bibi ruhusa, akamvika yeye, akimsemesha Kishambaa taratibu kama anayembembeleza mama yake. Mama mkwe akakigeuzageuza kidole, akaivua ile kofia, akainusa. Akasema haya.

Masharti yalikuwa machache. Alale nyumbani, kwenye kitanda chake, saa zake za siku zote. "Na asiguswe," daktari akasema. "Msimguse mkono wala kifua, ndiko vilipo vipimo." Akamrudia bibi maneno hayo hayo kwa Kishambaa, na bibi akaitikia kila neno kwa kichwa.

Basi mume wangu aliporudi kutoka Dar nikamfunga ule mkanda, nikamvika ile kofia kidoleni, yeye akilalamika kwamba amekuwa ng'ombe wa maonyesho. Alipokoroma tu, nikachukua jembe nikateremka bondeni. Karoti zilikuwa zimefika kung'olewa, lakini hata zisingekuwa zimefika ningejitafutia kazi. Kukaa pale nikakisikia kimya na kiwiko changu nimekifunga, sikuweza. Nilimwacha mama mkwe kwenye kigoda mlangoni mwa chumba, anapukuchua maharage. Nikang'oa karoti na huku masikio yako juu kilimani, yanangoja kilio.

Hakukuwa na kilio. Nilipopanda, alikuwa ameamka, anakula makande.

Tulipokirudisha kile kidude, daktari akakiunganisha na kompyuta yake, akatazama kwa muda mrefu. Akakuna kidevu. "Sikutegemea," akasema. "Anashtukashtuka, lakini hewa mwilini haipungui. Hapa sioni sababu ya kumzuia asiendeshe gari. Ila ningependa tumpime tena."

Mume wangu alisikia mpaka pale kwenye kuendesha gari, yaliyofuata hakuyasikia. Aliniangalia kama aliyeshinda kesi. Njia nzima akaimba. Lukozi kila aliyetusalimu alipewa habari kwamba mashine ya Ulaya imemthibitisha ni mzima, ni mkewe tu anayemzika kabla ya siku zake. Nami, Mungu anisamehe, nikafurahi. Nilitaka sana kuwa mwongo. Niliwaza labda ndivyo watu wote walalavyo, maana mwanamume mwingine wa kumlinganisha naye simjui.

Mchana ule ule lori lilikuwa limeshapakiwa kabichi. Kabla hajapanda, akageuza mfuko wa shati nje, akazikung'uta pilipili zote chini, kuku wakazikimbilia. "Tumeachana na dawa," akasema. "Mgonjwa kapona." Akapiga honi, akaondoka.

Mimi na mama mkwe tukakaa uani na ungo wa maharage katikati yetu. Yeye akawa anapukuchua kidogo, anaacha, ananyoosha vidole, anavikanda.

"Mkamwana wangu, vidole vinaniuma."

"Pumzika, mama. Maharage hayakimbii."

"Maharage gani? Ni kuvuta." Akanionyesha kidole chake cha shahada na gumba vinavyobana hewa. "Mwanangu siku hizi analala mbali. Zamani ukimvuta mara moja anarudi. Juzi nilivuta mpaka nikabadilisha mkono."

Nikauliza alivuta nini. Akanishangaa. Kidole, akasema, kidole gumba cha mguu. Mtu aliyelala hashtuliwi kwa bega, wala hapigwi kiwiko kama ninavyofanya mimi, na hapo akanitazama ili nijue kwamba miaka yote alijua. Roho imetembea, ukiishtua inapotea njia. Unamvuta kidole gumba cha mguu, polepole, unavuta unaachia, mpaka irudi. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na ndivyo alivyomlinda huyu. Watoto waliomtangulia aliwalaza wazima, akawakuta wamelala moja kwa moja. Huyu tangu akiwa mchanga hakulala mbele yake bila kidole chake kushikwa.

"Lakini mama, daktari alisema asiguswe!"

"Alisema mkono na kifua. Nilimsikia, na akanirudia kwa Kishambaa. Mguu hakuutaja."

Alisema hivyo kwa utulivu kabisa, kama mtu aliyefuata sheria na ana mashahidi. Na kweli aliifuata. Nikausukuma ungo kando. Mashine haikumpima mume wangu. Ilimpima mume wangu na mama yake, wawili kwa pamoja, na kwenye lori mama yake hakuwemo. Na pilipili zimeliwa na kuku.

Nikakimbia. Chini ya kijiji, kwenye njia ya Malindi, kulikuwa na kizuizi cha ushuru wa mazao ambapo malori yalipanga foleni, na kuna kijia cha mkato kinachopita kwenye miti ya miwati. Nilikimbia na kanga mkononi, kandambili nikaziacha njiani, nikianguka na kuinuka. Sauti ya injini niliisikia kabla sijaona barabara. Nilipotokea, mti wa kizuizi ulikuwa juu na barabara ilikuwa tupu, ina majani ya kabichi na moshi.

"Mumeo katoka sasa hivi," yule mlinzi akaniambia. "Leo ana raha kweli, anaimba."

Simu hazikuwepo. Hapakuwa na mtu wa kumtuma. Nilirudi nyumbani kwa miguu ile ile niliyojia, na sitasema mengi kuhusu usiku ule kwa sababu sina la kusema, nilikaa jikoni na mama mkwe. Alikuwa ameelewa. Sikumwambia, alielewa mwenyewe nilivyorudi bila kandambili.

Kesho yake tangu saa za magari kupanda nilikuwa barabarani. Kwetu gari linaloleta msiba halipigi honi na haliji mbio. Linakuja polepole, na waliomo huteremka mbali na mlango, wanawatafuta wazee kwanza. Kwa hiyo kila gari lililokuja kwa kasi nililibariki. Pick-up moja ya walimu ikapunguza mwendo nilipokuwa nimesimama, nikaketi chini kwenye nyasi. Walitaka kuniuliza kama kuna mayai ya kununua.

Halafu nikaiona Fuso. Ilikuwa inakuja polepole, haipigi honi.

Sijui nilipiga kelele gani. Ninachokumbuka ni mlango unafunguliwa, naye anateremka kwa miguu yake, mzima, ananiuliza nani kafa. Lori lilikuwa linakuja taratibu kwa sababu bati la juu ya gurudumu lilikuwa limekunjika, linasugua tairi. Kioo cha pembeni hakikuwepo. Kuanzia mlangoni mpaka nyuma, rangi ilikuwa imechunwa mstari mmoja mrefu, na mchanga wa mwamba ungali umeganda humo.

"Jiwe la Soni limetoka kunisalimia," akasema.

Nikaliangalia lile lori. Lilikuwa limeegemea upande wa mwamba. Kama lingeegemea upande wa pili, nisingekuwa na lori la kuliangalia. Nikamwuliza alilala? Akasema hapana, alipepesa macho tu. Nikamtukana. Nilimtukana pale barabarani mbele ya utingo wake na wapita njia, matusi ambayo mke hamtukani mume. Kisha nikamweleza habari ya kidole.

Alicheka, lakini kicheko hakikufika mwisho. "Kwa hiyo mama ndiye stata ya injini yangu?" Akaligusa lile bati lililokunjika. "Haya. Nipimeni tena. Nifungeni na miguu mkitaka. Mkinikuta mzima, sitaki tena habari ya usingizi ndani ya nyumba hii."

"Na tukikukuta mgonjwa?"

Alikichunguza kile kioo kisichokuwepo. "Nitaangalia," akasema.

Daktari naye alicheka nilipomsimulia, kisha akaacha, akamwita bibi karibu. Safari hii akachagua maneno kama anayeandika hati ya shamba. "Asiguswe popote, bibi. Kichwa, mguu, shuka, kitanda. Mtu asimwite, asikohoe karibu yake."

"Sasa umesema," mama mkwe akamjibu.

Nilibaki nyuma nikamwuliza lile lililobaki. Pumzi isiporudi je? Akaniambia mwili humwamsha mtu wenyewe, umefanya hivyo maelfu ya mara wakati mimi niko shambani sijui. Nikamwuliza, na siku mwili ukichoka? Alikuwa anazungusha waya kwenye kile kidude ili auweke vizuri, akauzungusha mpaka ukaisha. "Ndiyo maana tunapima," akasema.

Siku ile nilipeleka watoto kwa jirani. Nikamfunga mume wangu mkanda, kidole, saa. Hakufanya mzaha, alikuwa amechoka sana, akalala kabla sijamaliza kufunga dirisha. Mimi na mama mkwe tukakaa kwenye mkeka ukutani, mbali kidogo na kitanda. Sikwenda bondeni. Nilijua nikienda atamvuta, hata kama ameapa, na yeye alijua nikibaki peke yangu nitampiga kiwiko. Hatukuaminiana, na tulikuwa sahihi. Kwa hiyo tukashikana mikono. Mkono wangu wa kushoto na wake wa kulia, halafu na ile mingine miwili, kama wanawake wanaopeana pole.

Alikoroma. Halafu akanyamaza.

Nataka nieleze kimya kile, lakini kimya hakina maneno. Nje kuku walikuwa wanaparua. Mtu alikuwa anapasua kuni ng'ambo ya bonde, tukisikia pigo lake likichelewa. Kifua cha mume wangu kilikuwa kimesimama na ile taa nyekundu inawaka kidoleni, haina wasiwasi. Tumbo lake likaanza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, na hakuna hewa inayoingia, kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa. Midomo ikabadilika rangi. Mama mkwe akainuka nusu, nikamvuta chini. Akauma kanga yake kwa meno. Nikahesabu, nikapoteza hesabu, nikasema moyoni sasa, sasa, sasa. Akavuta. Ule mshindo wa pumzi yake ulinifanya nitokwe na machozi. Mama mkwe akasema alhamdulillahi bila sauti, midomo tu.

Halafu akanyamaza tena.

Ndivyo ilivyokuwa, na ndivyo ilivyoendelea. Hapakuwa na cha kuzoea. Kila mara ilikuwa ya kwanza, na kila mara niliamini ndiyo ya mwisho. Jirani mmoja akafika uani, akaita, "Hodi wenyewe! Onga mshi!" na kwetu salamu haiachwi bila jibu, hata uwe na tonge mdomoni. Hatukujibu. Akaita tena, akaondoka anaguna. Mama mkwe alikuwa amekaza macho kwenye ule mguu. Shuka lilikuwa limesogea, mguu uko nje, kidole gumba kimetuelekea, karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angekifikia. Nilihisi mikono yake ikijivuta, nikaibana. Akaibana yangu. Kulikuwa na kimya kimoja kirefu kuliko vyote, hata yule mpasua kuni nadhani alikuwa ameacha, na mama mkwe akanitazama usoni, mama mzima yule, akaniuliza kwa midomo: "Tumwache?"

Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo, tumwache. Sijawahi kufanya jambo gumu zaidi ya hilo, na nimezaa.

Akavuta.

Adhana ya adhuhuri ilipotoka, mume wangu akajigeuza, akafumbua macho, akajinyoosha mpaka kitanda kikalia. "Nimelala kama mtoto," akasema. "Mmepika nini?"

Mama mkwe aliniachia mikono, akainuka kwa kushika ukuta. Mlangoni akageuka, hakumtazama mwanawe, alinitazama mimi. "Leo umenizikisha mwanangu mara ngapi?" akasema, akatoka. Tukamsikia anatapika nyuma ya jiko.

Mume wangu akaketi. Akanitazama, na ndipo alipoona mikono yangu. Kucha za mama yake zilikuwa zimeingia kwenye migongo ya viganja vyangu na juu ya kifundo, pande zote mbili, na damu ilikuwa imechirizika ikakauka. Sikuwa nimehisi. Akakishika kifundo changu kwa ule mkono wake wenye waya, akakigeuza kwenye mwanga. Yeye ile mashine haikumwachia hata alama.

"Ni mama?"

"Ni mama."

"Nilifanya nini?"

"Hukufanya kitu," nikamwambia. "Ulilala."

Daktari baadaye alimwonyesha mistari kwenye kompyuta, inavyoporomoka na kupanda, akamweleza kwa staha kubwa. Lakini funguo za Fuso zilikuwa zimeshaondoka msumarini kwetu. Siku ile ile ya kipimo alimpelekea tajiri, akarudi kwa miguu, akaniomba jembe. Mashine za kumpulizia mtu hewa usiku hazikuwa zimefika kwetu, kwa hiyo daktari akatufundisha kumlaza ubavu. Nilimshonea mfuko mgongoni mwa fulana, nikatia mpira wa matambara, akilala chali unamchoma. Akapungua mwili kwa kulima. Kimya kikawa cha mara moja moja.

Ila kuamini, sidhani kama aliamini. Miaka yote aliwasimulia watu kwamba alikuwa dereva bora wa Lukozi, wanawake wawili wakamwachisha kazi kwa woga wao. Nilimwacha aseme. Mama yake naye alimwacha.

Mama mkwe amefariki juzi juzi, mzee sana, mchana, baada ya kula uji. Alijilaza kwenye mkeka wake uani na hakuamka. Mimi ndiye niliyeona kwanza. Mume wangu alipokuja hakulia. Alipiga magoti miguuni pa mama yake, akafunua kanga, akakishika kidole gumba cha mguu. Akavuta, akaachia. Akavuta. Watu walianza kuingia uani, nikawazuia kwa mkono. Aliendelea, polepole, vile vile alivyovutwa yeye, huku amekitazama kile kifua, na mimi nikaujua ule mtazamo.

"Ngoja," akaniambia. "Atarudi."

Nikangoja naye. Kuku waliparua. Baada ya muda mrefu akakiacha kidole, akakifunika, akanigeuzia uso ambao sikuwahi kumwona nao.

"Ndivyo mlivyokaa?" akaniuliza. "Siku ile?"

"Ndivyo," nikasema.

Akachukua mkono wangu, akatafuta kifundoni pale palipokuwa na kucha za mama yake. Alama zilikuwa zimeshapotea siku nyingi, lakini mahali alipapata.